UZI: Tezi isiyosikia dawa za TB – kinyama, formalini na usomaji wa alama za CD (wadau wa Mtwara na Lindi)

#1 Lukuledi

Wakuu, salaam.

Huku kusini mgonjwa mwenye tezi shingoni huanzishiwa dawa za TB, na mara nyingi ndivyo inavyotakiwa, maana TB ya tezi ipo na ipo sana. Uzi huu ni wa wale wanaobaki. Tezi imekula dawa miezi miwili mitatu, haijarudi. Au ilipungua kidogo, kisha ikaja juu upya. Au tangu siku ya kwanza haiumi, haina joto, inanesa kama mpira na inaongezeka tu. Ni kweli tezi ya TB nayo huweza kuvimba zaidi baada ya dawa kuanza, hasa kwa aliyeanza ARV karibuni. Ndiyo sababu vidole havitoshi kuamua. Anahitaji kinyama, yaani kipande cha tishu kinachokatwa ili kisomwe maabara.

Niseme mapema ninachokiamini: limfoma (saratani ya seli za limfu) na saratani nyingine adimu hujulikana, au hupotea moja kwa moja, ndani ya chupa ya sampuli, kabla kingamwili yoyote (protini inayonata kwenye alama moja ya seli na kuionyesha) haijafunguliwa. Tishu iliyooza katikati haisomeki, hata ukiipeleka maabara yenye alama mia.

Kinyama chenyewe basi.

Chagua tezi kubwa inayokua, si ile iliyo karibu na mkono. Ya shingo ni bora kuliko ya kwapa, na ya kinena iwe ya mwisho. Watu wetu wanatembea peku na kulima, vidonda vya miguu haviishi, hivyo mitoki ya kinena mingi imejaa makovu na majibu ya uvimbe wa kawaida. Kama hakuna budi ila kinena, kagua kwanza nyayo na kucha. Melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) ya unyayo hupanda hadi kinena, na mgonjwa hasemi kwa kuwa kile kidonda anakiona cha kawaida.

Itoe tezi nzima na ganda lake. Usiikamate kwa koleo lenye meno, shika mafuta ya pembeni. Seli za limfu zikiminywa huburuzika na kuwa michirizi ya bluu, hakuna atakayesoma kitu.

Ikishatoka, usiitupe papo hapo kwenye formalini (dawa ya kukaza tishu isioze). Ikate katikati kwa kisu kipya ukiwa bado na glavu tasa. Gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi nne: gusa na uinue, usiburute. Mbili ziache zikauke hewani kwa ajili ya rangi ya Giemsa, mbili zizamishe mara moja kwenye alkoholi ya 95%. Kipande kidogo, kama punje ya mahindi, kiende kwenye maji ya chumvi tasa ya 0.9% kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuoteshwa kwa TB. Formalini ikishaingia, kuotesha hakuwezekani tena. Kilichobaki kikate vipande vya milimita 3 hadi 4, ndipo kiingie formalini.

Kukata huko si mapambo. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani mwendo hupungua. Tezi ya sentimita 3 iliyotumbukizwa nzima, ganda likiwa limefunga, inaiva pembeni huku katikati inaoza. Na kwa joto la pwani inaoza haraka.

#2 TabibuNewala

Asante mkuu kwa uzi. Maswali mawili. Kwanza, kwa nini tusianze na sindano nyembamba? Ni rahisi, haina mshono, na mgonjwa anarudi kwao siku hiyohiyo. Pili, formalini inayofika vituoni ni lile dumu lililoandikwa 37% au 40%. Inatumika hivyohivyo?

#3 Lukuledi

Daktari, sindano ianze, haina ubaya wowote. Kwa TB ni nzuri sana: ukipata usaha peleka GeneXpert na upake rangi ya Ziehl-Neelsen ya kuona bakteria wa TB. Kwa saratani iliyosafiri kutoka koo, titi au tezi-dume pia hutoa jibu la kuaminika. Kosa ni kuifanya iwe neno la mwisho pale jibu linaposema "limfositi tu" (seli nyeupe za kawaida za tezi) au "tezi iliyochokozwa" huku tezi inakua.

Sindano inafyonza seli, haionyeshi mpangilio. Limfoma nyingi hutambulika kwa mpangilio: vifundo vimefutika au vipo, seli zimepenya ganda au hazijapenya, seli kubwa zimetawanyika moja moja au zimejaa kama shuka. Hodgkin, aina mojawapo ya limfoma, ndiyo mbaya zaidi kwa sindano, kwa sababu seli zenye ugonjwa ni chache mno kati ya limfositi na yosinofili (seli nyeupe nyingine) zisizo na hatia. Ukifyonza sehemu isiyo nazo, jibu ni "uvimbe wa kawaida". Sindano nene yenye kutoa nyuzi za tishu ni ya kati: inakubalika kwa uvimbe wa ndani ya tumbo au kifua, mradi utoe nyuzi kadhaa. Tezi ya shingo inayofikika kwa kisu, itoe.

Swali la formalini namwachia Parafini60.

#4 Parafini60

Hapana, daktari, isitumike hivyohivyo kamwe. Formalini ya dukani isiyozimuliwa hukaza ngozi ya nje ya kinyama haraka na kuzuia yenyewe isipenye ndani. Unapata kitu kigumu nje, uji katikati.

Inayotakiwa ni formalini 10% yenye bafa. Kwa lita 1:

– formalini ya dukani (37–40%) mililita 100
– maji yaliyochujwa kwa mvuke mililita 900
– sodiamu dihaidrojeni fosfeti (yenye molekuli moja ya maji) gramu 4
– daisodiamu haidrojeni fosfeti (isiyo na maji) gramu 6.5

pH ikae karibu na 7. Bila bafa, formalini iliyokaa hugeuka asidi ya fomiki taratibu, na kwenye tishu yenye damu huacha punje za kahawia nyeusi. Kumbuka punje hizo, maana rangi ya DAB tunayotumia kuonyesha alama nayo ni kahawia. Mtu asiye mwangalifu atazihesabu kuwa "chanya".

Kama hamna fosfeti kabisa, sehemu 1 ya dukani kwa sehemu 9 za maji, ongeza gramu 9 za chumvi safi ya maabara kwa lita, na itengenezwe mpya. Si bora, ila inaokoa.

Ujazo: angalau mara 10 ya tishu, mara 20 ikiwezekana. Tezi ya kipenyo cha sentimita 2 ina takriban mililita 4, kwa hiyo inataka mililita 40 hadi 80. Vile vichupa vya mkojo vilivyojazwa tezi hadi juu na formalini ya kulowesha tu ni hasara tupu.

Chupa iwe ya mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Ile ya maji ya kunywa yenye shingo nyembamba ni mtego: kinyama kinaingia kikiwa laini, kikishakazwa hakitoki. Fundi analazimika kupasua chupa au kukichokoa vipande vipande, na mipaka yote inapotea.

Muda wa kuiva ni saa 6 kwa nyuzi ndogo za sindano nene, saa 24 kwa vipande vya tezi, na isizidi saa 72 kama kuna mpango wa kupima alama. Na tafadhali, glavu na dirisha wazi. Formaldehaidi yenyewe IARC (shirika la WHO la utafiti wa saratani) imeiweka kundi la 1 la visababishi vya saratani.

Jambo dogo linalosahaulika: slaidi zilizokaushwa hewani zisisafiri boksi moja na chupa ya formalini. Mvuke wake unaziharibu, Giemsa inatoka na ukijani ukijani na viini havisomeki.

#5 MnaziMmojaLindi

Hapo kwenye saa 72 ndipo penye shida yetu. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mvua zikichachamaa barabara si ya uhakika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara pale Somanga na magari yakakwama. Kinyama kilichoko chupani kinafanyaje siku zote hizo?

#6 Parafini60

Njia ni mbili.

Ya kwanza na bora: kama hospitali iliyo karibu inaweza kuzamisha tishu kwenye parafini (nta), kinyama kichakatwe huku huku, isafiri bloku (tishu iliyogandishwa ndani ya nta hiyo). Bloku ikishaganda inakaa miaka bila kuharibika, haivuji, na huhitaji formalini kwenye basi. Ila parafini inayeyuka nyuzi 56 hadi 60, na gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa vimefungwa linaweza kufika huko juu ya dashibodi. Funga bloku kwenye karatasi, weka ndani ya boksi, ziwe chini ya kiti. Tumeni bloku, msitume slaidi zilizokwishakatwa na kukaa miezi. Sehemu iliyokatwa ikikaa kwenye joto na unyevu, antijeni (zile molekuli za alama) hufifia, na alama inayosoma "hasi" inaweza kuwa ni uzee wa slaidi.

Ya pili, kama hakuna parafini: baada ya saa 24 hadi 48 kwenye formalini, mwaga, suuza kwa maji, hamishia kinyama kwenye alkoholi ya 70%. Hapo kukazwa kunasimama na barabara ikikatika wiki nzima tishu haiungui zaidi. Andika kwenye chupa saa ya kutolewa, saa ya kuingia formalini, saa ya kuhamia alkoholi. Alkoholi inawaka, kwa hiyo mwambie anayebeba.

Ufungaji: chupa iliyofungwa kwa plasta mdomoni, ndani ya mfuko wa plastiki wenye pamba au karatasi ya kunyonya, ndani ya boksi gumu. Fomu ikae nje ya mfuko. Fomu iliyolowa formalini haina jina tena, na kinyama kisicho na jina ni cha kutupa.

#7 Lukuledi

Na kwenye fomu: umri, mahali hasa (upande gani, kundi gani la tezi), muda, VVU na ARV tangu lini, dawa za TB tangu lini, na kama amekula prednisoloni au deksamethasoni. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa zaidi. Steroidi huua seli za limfoma. Tezi inasinyaa, kinyama kinaonyesha seli mfu na makrofaji (seli zinazokula mabaki), na mpatholojia asiyejua anaandika "hakuna saratani".

#8 TabibuNewala

Sasa tuseme yote yamefanyika sawasawa. Mgonjwa wa VVU, uvimbe wa ufizi unaokua kwa kasi. Jibu linasema: seli kubwa zisizotofautika, CD45 hasi, CD20 hasi, "haiungi mkono limfoma". Tunamchukulia ana saratani ya kinywa?

#9 Lukuledi

Hapana! Hilo jibu ndilo nililokuwa nalingoja, daktari.

CD ni namba za makundi ya molekuli juu ya seli, zilizoanza kupangwa kwenye mkutano wa Paris mwaka 1982, baada ya Köhler na Milstein kuonyesha mwaka 1975 namna ya kupata kingamwili za aina moja. CD20 ni ya seli B (aina ya limfositi) iliyokomaa, siyo ya kila seli B. Seli B ikielekea kuwa seli ya plazima huivua CD20, na CD45, alama ya jumla ya seli nyeupe za damu, nayo hufifia. Sasa, limfoma ya plazmablasti ndiyo hiyo hasa: mgonjwa wa VVU, kinywani au taya, seli kubwa, CD20 hasi, CD45 hasi au hafifu. Ilielezwa mwaka 1997, na inajulikana kwa CD138 na MUM1 (alama za seli ya plazima) chanya, Ki-67 (kipimo cha seli zinazogawanyika) juu sana, na EBER (RNA ya virusi vya Epstein-Barr, EBV) chanya kwa wengi wao.

Ila msikimbilie CD138 peke yake, kwani saratani nyingi za ngozi laini na za tezi zitoazo majimaji (siyo za limfu) nazo zina CD138 tele. Ndiyo maana keratini, alama ya saratani hizo (karsinoma), inawekwa sambamba. Keratini hasi, CD138 na MUM1 chanya, EBER chanya: hapo una jibu. Keratini chanya imara, CD138 chanya: hiyo ni karsinoma, tulia.

Raundi ya kwanza kwa uvimbe usiojulikana iwe keratini pana (AE1/AE3), CD45, S100 (kwa melanoma), CD20 na CD3 (ya seli T). Zote tano kwa pamoja. Zikiwa hasi zote, usiandike "haijulikani" na kufunga faili. Kwanza hakikisha kipimo kilifanya kazi, nitamwachia Naliendele hilo. Kisha raundi ya pili: CD30, CD138, MUM1, CD79a na PAX5 (nyingine za seli B), TdT (ya limfositi changa), na CD31 au ERG kwa mishipa ya damu.

Limfoma zinazojificha kwa CD45 hasi, zaidi ya plazmablasti, ni hizi:

Anaplastiki ya seli kubwa. CD30 imewaka kwenye kila seli, ALK inaweza kuwa chanya, EMA chanya. CD3 mara nyingi imepotea ingawa ni ya seli T, na hukaa ndani ya sainasi (mifereji) za tezi kana kwamba ni saratani iliyosafiri. EMA ndiyo huwapoteza watu kwenda karsinoma. Tafuteni CD2, CD4, CD5.

Limfoblasti (limfoma ya seli changa). Mtoto au kijana, seli ndogo za mviringo za bluu, CD45 hafifu au hasi, CD20 hasi, CD99 chanya. Mtu anaona CD99 anaandika sarkoma ya Ewing (saratani ya mifupa). TdT ndiyo mwamuzi, isikosekane kwa mtoto yeyote mwenye seli za namna hiyo.

Na mgonjwa aliyewahi kupewa rituximab (dawa inayolenga CD20): ugonjwa ukirudi, CD20 inaweza kuwa imepotea. Soma CD79a na PAX5.

Maji ya kifuani au tumboni kwa mgonjwa wa VVU, bila uvimbe unaoonekana, seli kubwa mbaya, CD20 hasi: ombeni LANA-1 ya virusi vya HHV-8. Ikionekana kama vidoto ndani ya kiini, hiyo ni limfoma ya majimaji. Kingamwili hiyohiyo ndiyo ya kuthibitisha saratani ya Kaposi kwenye tezi, kwa hiyo maabara ikinunua inapata faida mbili.

#10 Naliendele_Slaidi

Nichukue hapo kwenye "kipimo kilifanya kazi".

Kabla hujaangalia seli za saratani, angalia limfositi ndogo za kawaida zilizo pembeni. Karibu kila kinyama kinazo. Kama nazo hazina CD45, slaidi imekufa. Hasi yake haina maana yoyote na isiandikwe kwenye jibu. CD31: angalia mishipa ya damu. CD3: angalia T ndogo. Hii ni kontroli (kigezo cha kulinganisha) ya bure iliyo ndani ya mgonjwa mwenyewe, na ni bora kuliko ya nje kwa sababu imepitia formalini ileile. Ya nje iwe tonsili au kidole tumbo, juu ya slaidi hiyohiyo ikiwezekana.

Utaratibu wa kupaka kingamwili kwa mkono, kwa kifupi. Kata mikroni 3 hadi 4, bandika kwenye slaidi zenye chaji chanya, kausha nyuzi 60 kwa saa 1. Toa parafini kwa zailini, shuka kwenye alkoholi hadi maji. Chemsha kwenye bafa: sitreti pH 6.0 kwa baadhi, Tris-EDTA pH 9.0 kwa alama nyingi za limfoma, nyuzi 95 hadi 99 kwa dakika 20. Huku usawa wa bahari maji yanafika 100, kwa hiyo yasitokote kwa fujo, vipande vinanyanyuka na kuelea. Acha vipoe humohumo dakika 20. Zima peroksidezi (kimeng'enya cha tishu kinacholeta kahawia ya uongo) kwa haidrojeni peroksaidi 3% dakika 5 hadi 10. Kingamwili ya kwanza dakika 30 hadi 60 kwenye boksi lenye unyevu. Suuza, kingamwili ya pili yenye polima, suuza, DAB dakika 5, hematoksilini nyepesi.

Yanayoharibika: slaidi kukauka katikati ya kazi (feni ya dari ndiyo adui; pembeni kunakuwa kahawia tupu, katikati hakuna kitu). Kingamwili kutokaa nyuzi 2 hadi 8 umeme ukikatika. Nyingine ni kugandisha iliyokwisha zimuliwa, kisha ikayeyuka, ikagandishwa tena. Na kutoweka slaidi moja isiyo na kingamwili ya kwanza. Bila hiyo huwezi kujua kahawia ni DAB, ni melanini, au zile punje za formalini alizotaja Parafini60.

Halafu someni mahali rangi ilipokaa. CD20, CD3 na CD45 ziko kwenye utando, zinachora duara kuzunguka seli. PAX5, TdT, MUM1, Ki-67 ziko ndani ya kiini. CD30 na CD15 zinachora utando pamoja na doa kando ya kiini. Ukiona CD20 imepaka kiini, hiyo si chanya.

Mfupa na uboho: msiondoe chokaa kwa asidi kali mkitaka EBER. Asidi inakata RNA. EDTA huchukua siku nyingi lakini inatunza.

#11 TabibuNewala

Mkuu Lukuledi, granuloma (vifundo vya seli za kinga) je? Jibu likija "granuloma" tunaona TB na kufunga.

#12 Lukuledi

Granuloma yenye kufa katikati na bakteria wameonekana au GeneXpert chanya, ni TB, endeleeni. Granuloma bila hayo, tezi inakua, homa na jasho la usiku haviachi: rudisheni bloku isomwe tena kwa ajili ya Hodgkin na limfoma za seli T. Zote mbili huweza kuja na granuloma, na dalili za homa, jasho na kukonda ni zilezile. Isitoshe, mtu mmoja anaweza kuwa na TB na limfoma kwa pamoja, hasa mwenye VVU.

Hodgkin ya kawaida: seli kubwa CD30 chanya, CD15 chanya kwa wengi ila si wote, PAX5 hafifu kuliko limfositi B za pembeni, CD45 hasi. CD20 ni hasi au ya madoadoa. Angalieni CD3 kwa makini: limfositi T ndogo huzunguka seli kubwa na kutengeneza pete, ukiwa na haraka unaona ile kubwa ndiyo ya kahawia. Kuzeni hadi lenzi ya 40, mfuate mstari wa utando wenyewe.

Kwa wasio na EBER: LMP1 (protini ya EBV) inafaa Hodgkin yenye EBV. Haifai Burkitt (limfoma ya kasi ya watoto), wala kwa kawaida plazmablasti, kwa kuwa humo virusi vimelala na LMP1 haitengenezwi. LMP1 hasi kwa mtoto wa taya (mwenye uvimbe tayani) haimaanishi hakuna EBV.

#13 MnaziMmojaLindi

Umetaja mtoto wa taya. Mtoto wa miaka 6, taya limevimba wiki tatu, meno yanalegea. Bloku na alama zote hizo ni wiki kadhaa. Tunangoja?

#14 Lukuledi

Huyo hangoji. Burkitt inaweza kujiongeza maradufu ndani ya siku moja hadi mbili.

Fyonza kwa sindano au gusisha kinyama kwenye slaidi, kausha hewani, paka Giemsa ileile ya malaria (ianze na methanoli). Seli za ukubwa wa kati zinazofanana, saitoplazimu ya bluu nzito yenye matundu madogo meupe ya mafuta, na makrofaji wakubwa kati yao. Matundu hayo yanaonekana vizuri kwenye slaidi ya kugusisha kuliko ya parafini, kwa sababu zailini na alkoholi huyeyusha mafuta. Kwa saa moja una shaka yenye nguvu ya kumpigia simu daktari wa saratani za watoto Dar na mtoto akasafiri kesho, huku kinyama kikiwa kwenye formalini kinamfuata.

Kabla hajaondoka: kreatinini, potasiamu, asidi ya yuriki na ultrasaundi ya tumbo, maana figo na tumbo huhusika mara kwa mara, na seli hizi zikianza kufa kwa dawa humwaga vilivyomo kwenye damu kwa ghafla. Prednisoloni msimpe kabla ya sampuli, isipokuwa anashindwa kupumua; na hata hapo slaidi mbili za kugusisha zichukuliwe kwanza, ni dakika tano.

Bloku ikifika, uthibitisho ni CD20, CD10 na BCL6 chanya, BCL2 na TdT hasi, Ki-67 karibu kila seli. BCL2 ikiwaka sana au Ki-67 ikiwa 70%, fikirieni limfoma nyingine. TdT chanya inampeleka kwenye limfoblasti, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

#15 Parafini60

Nyongeza kwa MnaziMmojaLindi: slaidi hizo za Giemsa mtoto asafiri nazo mkononi, zikiwa zimeandikwa kwa penseli kwenye upande wa chengachenga. Wino wa kalamu hufutwa na methanoli.